Jiwe Lisiloguswa na Sumaku

Wageni wakija kuniuliza habari za Ijja, hutaka nianze na shahada zake. Mimi sianzi na shahada. Shahada ziko ukutani kwake mjini Agadir, mwenye haja aende akazisome. Mimi naanza na fimbo ya baba yake.

Dda Bihi, yaani Mzee Bihi kwa heshima ya kwetu, alikuwa mwokota mawe. Hapa kijijini kwetu Tizgi ukisema fulani ni mwokota mawe, hakuna anayeuliza mawe gani: ni vile vimondo vinavyoanguka kutoka juu, vyeusi, vizito kuliko vinavyoonekana. Alikuwa akitembea nyikani siku nne au tano, na tende zake na kifuko cha unga wa shayiri, na mkononi fimbo ndefu yenye sumaku iliyofungwa kwa waya kwenye ncha. Hainami. Akiona jiwe jeusi analigusa kwa ncha. Likinasa, ndilo, lisiponasa, anapita. Wanaume wote wa huku walifanya hivyo, na wapo wanaofanya mpaka leo, pamoja na kelele zote tulizopiga.

Ijja na mimi tulizaliwa mwaka mmoja, na nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Nitasema kweli, nilimwonea wivu. Baba yake aliuza ngamia ili binti asome mji wa Tata na baadaye Agadir. Baba yangu naye aliuza ngamia, akaoa mke wa pili. Mimi nikabaki kuchambua hina, na sasa nina miaka ishirini nashika ufunguo wa ukumbi wa chama cha akina mama. Jina langu Mahjuba. Ukitaka hina safi, unanijua.

Alipokuwa mwaka wa pili chuoni, mwanamume mmoja alimfuata kutoka darasani na kumkamata kwenye ujia wa bweni. Ijja alifungua mdomo apige kelele, sauti haikutoka. Mwanamke wa usafi alitokea na ndoo yake, yule mtu akakimbia. Basi, hakuna lililotokea zaidi ya hapo. Lakini Ijja alikaa miaka mitatu bila kuniambia, na aliponiambia, kilichomuuma si yule mtu. Kilichomuuma ni kwamba yeye, aliyekuwa akiita mbuzi kutoka mlima mpaka mlima, sauti ilimkimbia. Wiki ile ile alijiandikisha kwenye klabu ya judo. Alipata mkanda mweusi kabla hajapata udaktari wake wa mawe, na mama yake alifariki akiamini kwamba mkanda ule ndio udaktari wenyewe.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo lilipo fundo la maisha yake. Jiwe likiyeyuka halafu likapoa, linakamata usumaku wa mahali lilipo na kuutunza ndani yake, hata kwa mamilioni ya miaka. Sayari ya Mirihi zamani ilikuwa na usumaku wake, ukazimika. Lini, na ulikuwa na nguvu kiasi gani, wataalamu wanagombana. Jibu limo ndani ya mawe yaliyorushwa kutoka huko yakaja kutuangukia sisi, watu wa mbuzi na tende. Ijja alichagua kazi hiyo: kuyauliza mawe yanakumbuka nini.

Mwaka wa 1999 Dda Bihi aliokota jiwe la Mirihi. Hakujua ni la wapi; alijua tu kwamba halifanani na mengine. Wachuuzi walimfuata mpaka nyumbani wakitoa bei za kutia kizunguzungu. Aliwafukuza. Akalifunga ndani ya kilemba chake, akapanda basi kichwa wazi mpaka Agadir, mzee ambaye hata mimi jirani yake sikuwahi kumwona nywele. Akamwekea bintiye mezani, akasema, "Haya, daktari. Hili halina bei, ni lako."

Ijja alivuka nalo bahari mpaka maabara moja ya Ufaransa, yenye chumba kilichozungushiwa kuta maalumu ili hata usumaku wa dunia usiingie. Alikaa huko miezi minne. Kila kipande alichopima kilimpa jibu moja: nguvu kubwa, mpya, zote zimeelekea upande mmoja. Haikuwa Mirihi. Ilikuwa ile sumaku ya kwenye ncha ya fimbo. Kugusa mara moja tu, na yote yaliyotunzwa humo kwa zamani zote hizo yamefutika.

Aliponisimulia alikuwa amekaa juu ya gunia langu la hina, anachekacheka kwa namna nisiyoipenda. "Mahjuba, nimesafiri kote kule kwenda kusoma fimbo ya Baba."

"Na yeye umemwambia?"

"Amenipokea stendi na kondoo amechinjwa. Ningemwambiaje?"

Mzee alimuuliza mbele yetu sote, sinia ikiwa katikati. "Haya mwanangu, jiwe lilisemaje?"

Ijja alimega mkate, akauchovya kwenye mafuta ya argani, akatafuna kwanza. "Lilisema umelibeba vizuri, Baba."

Mzee alitikisa kichwa kwa furaha, na miaka yote saba aliyobakiza aliisimulia sentensi ile sokoni. Alikufa nayo. Ijja hakuwahi kujuta kusema uwongo ule, lakini uliacha njaa ndani yake ambayo mimi niliiona ikikua. Alitaka jiwe moja. Jiwe moja tu la Mirihi lililotoka juu na kufika mezani kwake bila kuguswa na sumaku ya mtu yeyote. Alilitamani kama wengine tunavyotamani watoto, na nasema hivyo nikijua kwamba mtoto pia alimtaka na hakumpata.

Ndipo alipoanza kuzunguka. Alifundisha chuoni siku zake, na siku zilizobaki alipakia pikapu yake akaenda kwenye magulio, shule, viwanja vya misikiti, hema kwa hema, kuwaambia wanaume watupe sumaku. Hebu fikiria. Mwanamke, tena wa hapa hapa, anawaambia waokota mawe kwamba wao na baba zao wamekuwa wakifuta kile kile wanachokitafuta! Walimcheka mpaka vilemba vikawaanguka.

"Lalla, bibi wee, jiwe halina masikio, litasikiaje sumaku?"

"Babako alikuwa na fimbo, wewe una maneno. Nani kashika mawe mengi?"

Yeye alikuja na hila ya kaseti. Enzi zile kila nyumba ilikuwa na kaseti za nyimbo. Gulioni kwetu aliomba mtu amwazime moja, akapewa na Dda Lahsen, fundi wa viatu. Akaipiga kwenye redio: ngoma, vigelegele, mwanamke anaimba. Watu wakaanza kutikisa mabega. Akaitoa, akaipitishia sumaku huku na huku, akairudisha. Ikatoa mvumo tu.

"Mmeona?" akasema. "Kaseti ni nzima, haikuvunjika. Wimbo ndio umekwenda. Na jiwe ni hivyo hivyo."

Kisha Dda Lahsen akainuka, kiatu cha mtu bado mkononi. "Ile ilikuwa harusi yangu."

"Dda, nakala si ipo?"

"Nakala ya wapi? Anayeimba pale ni marehemu mke wangu! We binti, umenifutia mke wangu!"

Sijawahi kumwona Ijja akikosa rangi usoni namna ile. Alipiga magoti palepale kwenye mavumbi ya soko, daktari mzima, akamshika mzee mikono. Hakujitetea. Mzee alilia, akamtukana, akalia tena. Wiki mbili hakumjibu salamu. Ya tatu, nilimsikia mwenyewe akimkaripia kijana mwenye sumaku shingoni: "Itoe! Unajua kitu kikifutika kinarudi? Hakirudi!" Toka siku ile Ijja hakupata mhubiri mkali kuliko yeye, na hakutumia tena kaseti ya mtu.

Masomo ya Jumamosi yalianza kwa sababu yangu, na hili nalidai. Nilimwambia, "Unawafundisha wanaume jinsi ya kushika mawe. Wasichana wetu wanakamatwa njiani kwenda shule, hao nani anawafundisha?" Jumamosi iliyofuata alikuja na mikeka minne na nguo nyeupe za judo. Tulisukuma magunia ya hina ukutani. Wasichana sita, wajane wawili, na mimi, mwenye goti bovu.

Somo lake la kwanza halikuwa kupiga. Lilikuwa kupiga kelele. Alitusimamisha mmoja mmoja katikati ya ukumbi tupige kelele mpaka vioo vilie, na aliyeona haya alirudia. Somo la pili lilikuwa kuachia. "Akivuta mkoba, achia. Akivuta simu, achia. Akivuta hereni ya bibi yako, achia. Kiganja kinachong'ang'ania kitu kimejifunga chenyewe. Achia, zungusha mkono upande wa dole gumba lake, toka, kimbia." Alirudia mpaka tukamwigiza nyuma ya mgongo wake. Wajane wakikuta bei ya sukari imepanda walikuwa wakiambiana dukani, "Achia, zungusha, kimbia!"

Bora katika wote alikuwa Keltuma, msichana wa watu wa mahema, miaka kumi na tisa, mwembamba, mwenye sauti ya kupasua jabali. Alitembea saa tatu kuja na saa tatu kurudi. Ijja alimpenda na hakuficha. Alimfundisha pia ganda la kimondo linavyokuwa, jinsi ya kulifunga kwa kitambaa safi bila kulipapasa. Nikamtania, "Umepata binti, na mchungaji wa mawe juu yake." Akasema, "Sichagui, nachukua vyote viwili."

Mwaka juzi, msimu wa kuvuna tende, Jumatano mchana kweupe, mbingu ililia. Hakukuwa na wingu. Mlio mmoja, halafu mingine midogo midogo, na mstari wa moshi juu ya milima ya kusini. Mbwa walijificha. Kufika Alhamisi magari ya wachuuzi yalikuwa yamejaa nyikani, na wanaume wakitembea wamejipanga safu, kila mmoja na fimbo yake. Ijumaa alasiri Keltuma alipanda kilima kutafuta mtandao akampigia Ijja.

"Mwalimu, ninalo. Linatosha ngumi moja. Ganda linang'aa, na pembeni palipomeguka ndani ni kijivu na vichembe vya kijani. Sijaligusa na kitu. Nimelifunga kwa mtandio mpya."

Alituma picha. Ijja aliniambia baadaye kwamba alipoiona aliketi sakafuni jikoni kwake. Ilikuwa Mirihi, na lilikuwa limeanguka juzi tu. Miaka ishirini na minne alikuwa ameingoja simu ile.

Na hapa ndipo alipokosea, na sitamfichia, kwani yeye mwenyewe hakujifichia. Ilimpasa amwambie msichana atulie hemani na wazazi wake, yeye aendeshe hadi huko. Lakini kutoka barabarani mpaka hemani ni saa mbili za mawe matupu, na nyika imejaa fimbo. Hamu ilimzidi. Akamwambia, "Kesho asubuhi lilete mpaka kisimani kwenye njia panda. Mimi nitakuwa pale saa nne."

Alinipitia Jumamosi saa tatu. Njia nzima hakunyamaza, yeye ambaye kwa kawaida anaendesha kama yuko msikitini. Alinieleza angelipima vipi, kipande kidogo kiasi gani, nani wa kumwandikia kwanza. "Mahjuba, nikilipata hili, hata wakinistaafisha kesho nitawashukuru." Uso wake ulikuwa wa msichana. Nilimwombea, wallahi, kwa roho moja, na wivu wangu wote wa zamani niliuona hauna maana.

Kisimani tulimkuta Keltuma amekaa kwenye ukingo, viatu hana, kifundo cha mkono kimechubuka. Mtandio mpya ulikuwa chini, mtupu.

Mchuuzi mmoja, Mbark, alimwona kutoka kwenye gari akiwa amekumbatia kitu. Alisimama, akamwomba aone. Msichana akakataa. Akamshika mkono.

"Nikaachia, mwalimu," Keltuma alisema. "Nikaachia, nikazungusha, nikatoka, nikakimbilia kilimani napiga kelele hadi mbuzi wa ukoo wa Ait Umrar wakatawanyika. Yeye akaliokota. Nilimwona kutoka juu. Alitoa sumaku mfukoni akaligusa, papo hapo, kabla hata hajaingia garini. Nilimpigia kelele asiliguse! Akanipungia mkono." Kisha akaanza kulia. "Nisamehe. Ningeling'ang'ania."

Nilimtazama Ijja. Kitu kilipita usoni mwake ambacho sitaki kukiona tena kwa mtu ninayempenda. Kikapita. Akachuchumaa, akamshika ule mkono uliochubuka, akaugeuza polepole kuona kama mfupa u mzima.

"Ulitokea upande wa dole gumba?"

"Ndiyo."

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana, mwanangu."

Tulimrudisha kwao kwa zile saa mbili za mawe, gari likigonga chini, na Ijja alimweleza baba wa msichana kila kitu bila kupunguza. Mzee yule hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Wewe ndiye uliyemwita barabarani?" Ijja akajibu, "Ndimi." Hatukupewa chai, na ilikuwa haki yao.

Mbark alipatikana siku ya gulio, Jumapili. Waokota mawe wenyewe walimzunguka, Dda Lahsen mbele na nyundo yake ya viatu, wakamwuliza ni lini imekuwa desturi kunyang'anya wasichana jiwe walilookota. Alilitoa. Alikuwa anashangaa kweli kweli. "Mbona mnanifanya jambazi? Jiwe hilo hapo, zima, halina hata mkwaruzo! Nililigusa mara moja tu!"

Ijja alisimama pale akalipokea kwa mikono miwili, akamkabidhi Keltuma. "Ni lako. Liuze vizuri, usikubali bei ya kwanza." Familia ile ilinunua tangi la maji na mbuzi thelathini, na mchubuko ulipona.

Nilifikiri hatarudi ukumbini. Jumamosi mbili mikeka ilibaki imekunjwa. Ya tatu, nilipofungua, alikuwa mlangoni na nguo zake nyeupe, amekonda. Wasichana walikuwa kumi na wanane siku hiyo, na Keltuma alikuja, baba yake akimngoja nje juu ya punda.

Ijja hakuanza na kelele. Alikaa kwenye mkeka akatuambia tukae. "Kuna mambo mawili mnapaswa kuyajua," akasema. "La kwanza, Keltuma aliingia hatarini kwa sababu mimi nilimwita. Nilitaka jiwe upesi. Mtu mzima akikwambia uende peke yako mahali kwa ajili ya haja yake, hata awe mwalimu wako, mkatalie." Akainua kidole cha pili. "La pili. Miaka yote hii nawaambia muachie. Nimekaa nyumbani wiki tatu nikijiuliza, ningekuwa mimi pale kisimani, ningeachia? Nisingeachia. Ningelikumbatia hadi anivunje mkono, na baada ya mkono shingo. Nimewafundisha kitu nisichokiweza. Keltuma amekiweza."

Mimi machozi yalikuwa yananitoka na sikujisumbua kuyafuta. Keltuma ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo isiyofanana naye:

"Mwalimu, likianguka lingine nitakupigia."

"Hapana. Mpigie baba yako kwanza, muwe wote wawili."

"Na wewe?"

Ijja alikuwa anakaza mkanda wake. Vidole vilichelewa kwenye fundo, na nikaona jinsi anavyolitaka bado, vilevile, bila kupungua hata chembe.

"Mimi nitasubiri," akasema. "Haya, simameni. Nani anaanza kupiga kelele?"